Nanga nne za tezi: Mkristo aliye dhikini afanye nini hasa?

Bildi_na_Amari (Shela, Malindi)

Ndugu zangu wa Malindi, Watamu, Mambrui na popote mlipo, amani iwe nanyi.

Kusi, upepo mkali wa kusini, limekaza. Mashua ziko juu mchangani, wageni wamepungua mahotelini, karo inadaiwa, na kila ibada tunaambiwa "usikate tamaa, Mungu ana makusudi na wewe". Neno hilo ni la kweli. Shida ni kwamba mtu akitoka kanisani bado hajui Jumatatu asubuhi aanze na lipi. Naomba uzi huu uwe wa kazi. Kila ajuaye aandike mtu afanye nini, kwa utaratibu upi, na ni wapi panapoharibika.

Mimi naanzia Matendo 27, kwa kuwa sisi watu wa pwani tunaisoma sura hiyo kama jambo la nyumbani. Paulo ni mfungwa ndani ya merikebu. Alionya wasing'oe nanga, hakusikizwa. Tufani likawachukua siku nyingi bila jua wala nyota. Usiku wa kumi na nne mabaharia wakahisi nchi kavu i karibu. Wakatia bildi, kile chuma cha kupimia kina, wakapata pima ishirini. Wakaenda mbele kidogo wakatia tena, pima kumi na tano. Wakaogopa miamba, wakatupa nanga nne za tezi, yaani upande wa nyuma wa chombo, wakaomba kuche.

Hapo kwenye tezi tusipite haraka. Nanga kwa kawaida hutupwa omo, upande wa mbele, chombo kikaukabili upepo. Kwa nini hawa watupe tezi? Upepo ulikuwa unawasukuma kuelekea pwani. Wangetupa omo, chombo kingegeuka kikatazama bahari kuu, na alfajiri ingebidi kukigeuza tena katikati ya mawimbi na miamba. Wakitupa tezi, omo unabaki unatazama ufuo. Kulipokucha walizikata nanga, wakalegeza kamba za sukani, wakatweka tanga la omo, wakaelekea pwani.

Waebrania 6:19 inaliita tumaini nanga ya roho. Nanga haitulizi bahari, wala haikufikishi popote usiku ule. Inakuzuia usipasuke gizani, na inakuacha umeelekea upande wa nchi kavu. Mtu aliye dhikini akitarajia tumaini limwondolee dhoruba usiku huohuo, atadhani halifanyi kazi, naye atalikata mapema.

Nanga ya kwanza kwa hiyo ni kutia bildi: pima kina. Chukua karatasi, andika dhiki yako kwa majina na tarakimu. Usiandike "maisha ni magumu". Andika: kodi ya miezi miwili, karo ya mtoto mmoja, mama anaumwa goti, silali kuanzia saa nane usiku. Pima tena baada ya wiki. Hofu isiyopimwa huonekana haina mwisho, na maombi yake nayo huwa ya jumla jumla, hata yakijibiwa huwezi kuyatambua.

Mwenye nanga ya pili aitupe.

Katekista_Msabaha

Ya pili ni maombolezo, na ndiyo inayorukwa zaidi makanisani kwetu. Tumefundishwa kwamba kulalamika mbele za Mungu ni imani haba. Zaburi nyingi ni maombolezo, na zimo humo ili zisomwe.

Chukueni Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu. Miwili ya kwanza ni lawama, na neno "hata lini" linatajwa mara nne. Miwili ya katikati ni ombi: uniangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Miwili ya mwisho ni kutumaini na kuimba. Mtu aandike yake kwa ngazi hizo tatu. Dakika kumi na tano zinatosha, daftari la shule linatosha.

Ngazi ya kwanza: andika "hata lini" zako nne. Zisiwe tatu. Ya nne ndiyo mara nyingi hutoa kile ulichokuwa unakificha.

Ngazi ya pili: omba jambo moja au mawili yanayoweza kuonekana. "Nipe usingizi wa leo." "Nipe maneno ya kumwambia mwenye nyumba kesho."

Ngazi ya tatu: andika jambo moja ambalo Mungu alikwisha kulitenda. Zaburi inasema amenitendea kwa ukarimu, wakati uliopita. Haisemi kesho nitapata gari.

Panapoharibika: watu huruka moja kwa moja hadi mstari wa tano, kwa kuwa ndio unaoimbika. Uchungu usiosemwa haupotei. Hutokea kwingine: kwa watoto, kwenye mnazi, au mtu anaacha kabisa kuja jumuiya na hakuna ajuaye kisa. Na asiyeweza ngazi ya tatu leo asijilazimishe. Nitarudi kwa Zaburi ya 88 chini.

Tanga_Jeupe

Yeremia 29:11 inatosha ndugu. Mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa tumaini siku za mwisho. Mwisho wa maneno.

Katekista_Msabaha

Ndugu Tanga_Jeupe, mstari ni mtamu, lakini ni kipande cha barua. Barua iliandikwa kwa mateka waliokwisha kupelekwa Babeli, na mstari wa kumi unawaambia watakaa miaka sabini. Wengi waliosikia barua ile ikisomwa walifia ugenini. Tena mstari wa tano hadi wa saba unawapa kazi: jengeni nyumba, pandeni bustani mle matunda yake, ozesheni watoto, utakieni amani mji ule mliohamishwa, mkauombee. Hilo ndilo kusudi walilopewa, na lilitangulia ahadi. Kumpa mtu mstari wa kumi na moja bila ule wa tano ni kumpa pilau ya wali usio na chumvi: ataila leo, kesho hatairudia.

Muuguzi_Barani

Naandika kama mhudumu wa afya na Mkristo, na naomba wachungaji walio humu wasome polepole.

Fungueni 1 Wafalme 19. Elia amechoka, yuko chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Angalieni utaratibu wa mbinguni. Kwanza analala. Kisha malaika anamgusa: inuka, ule. Mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, analala tena. Anaguswa mara ya pili, anakula tena, kwa maana safari ni kubwa. Hapo ndipo anakwenda Horebu, na ni huko anaulizwa unafanya nini hapa, na kupewa kazi mpya. Usingizi mara mbili na chakula mara mbili kabla ya swali lolote. Sisi tunamtembelea mtu hajala siku mbili, tunaanza kumhubiria.

Kwa hiyo mtembeleaji aulize mambo haya kwanza: umekula nini leo? umelala saa ngapi? dawa zako unameza? Mwenye kisukari, presha, TB au ARV aulizwe kwa jina la dawa, kwa sababu mwenye huzuni huacha dawa kimya kimya.

Dalili za kumpeleka hospitali: huzuni au kutopenda chochote, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuharibika, hamu ya chakula kuondoka, kujiona hana thamani, kushindwa kufikiri. Hiyo ni sonona, ugonjwa wenye tiba, na kuombewa hakupingani na kutibiwa.

Ukihisi anafikiria kujiua, muulize waziwazi: "Je, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Humfungulia mlango. Akisema ndiyo, muulize kama ana njia na siku. Usimwache peke yake, ondoa kamba, dawa za shamba na visu karibu naye, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hapa Kenya simu ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199, ya watoto ni 116, dharura ni 999 au 112. Wengi walikuwa wanaogopa kwamba wakisema watashtakiwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kile kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kinakiuka Katiba. Waambieni watu.

Binti_wa_Ganda

Shikamooni. Nina swali. Kanisani tunaambiwa dhiki ikizidi tufunge siku nyingi ili mlango ufunguke. Mwaka 2023 tuliona ya Shakahola, watu walivyofungishwa hadi kufa. Tujue vipi mpaka uko wapi?

Muuguzi_Barani

Marahaba mwanangu. Swali lako ni zito, maana msitu ule si mbali nasi, na maiti zaidi ya mia nne zilifukuliwa kule. Nakujibu upande wa mwili. Upande wa Maandiko watajibu wengine.

Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mzee dhaifu, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, aliye kwenye dozi: hawa wasifunge chakula. Wanaweza kujinyima kingine, kama simu au sukari. Mtu mzima mwenye afya anayefunga kutwa aache kazi za juani, na maji asiyaache, hasa kwa joto la huku. Kizunguzungu, mkojo wa rangi ya chai, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa: afungue hapohapo, aanze kwa maji na uji mwepesi. Aliyekaa siku nyingi bila kula asishindiliwe ugali na nyama. Mwili uliodhoofika ukipewa chakula kingi ghafla, chumvi za damu huvurugika na moyo unaweza kusimama. Huyo ni wa hospitali.

Bildi_na_Amari (Shela, Malindi)

Upande wa Maandiko, rudi kwenye merikebu ile. Siku ya kumi na nne Paulo anawasihi wale chakula, anasema ni kwa ajili ya wokovu wao. Anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega, anaanza kula. Watu 276 wakachangamka, nao wakala. Mtume wa Kristo katika dhoruba anawalisha watu. Anayetumia dhiki yako kukuzuia usile mpaka ufe amekwenda kinyume na huyo. Na Isaya 58 inaeleza saumu aliyoichagua Bwana: kufungua vifungo vya uovu na kumgawia mwenye njaa chakula chako.

Alama za kuondoka mbio: mnakatazwa hospitali; watoto wanatolewa shule; mnaambiwa muuze shamba na kuhamia mahali pasipo na jirani; mnatengwa na ndugu; vitambulisho na vyeti vinaitwa vya shetani; mhubiri peke yake ndiye anayesikia Mungu. Ukiona mbili kati ya hizo, usisubiri ya tatu. Mwambie mzee wa mtaa, chifu au polisi, na mwambie mtu mwingine nje ya kanisa hilo.

Mweka_Hazina_Muyeye

Nanga ya tatu naitupa mimi, nayo ni ya hesabu, kwa sababu dhiki nyingi za huku zina sura ya deni.

Mwanzo 41, Yusufu anamshauri Farao aweke sehemu ya tano ya mazao miaka ya shibe. Kwetu shibe ni kaskazi, majira ya upepo wa kaskazini. Anayeingiza shilingi 300 kwa siku, sehemu ya tano ni 60. Siku 120 za kazi ni 7,200. Hazitoshi kwa kila kitu, lakini zinavusha Juni na Julai bila mkopo wa chakula. Ziwekwe kwenye chama chenye sanduku la kufuli tatu na watu watatu wenye funguo, na kila wiki zihesabiwe mbele ya wote. Zikikaa kwenye simu yako zitakwisha kabla ya Krismasi.

Aliyekwisha kuzama afanye hivi. Karatasi moja, safu nne: nani anadai, kiasi gani, riba gani, tarehe gani. Chakula na dawa kwanza, kisha kodi, kisha deni lenye riba kali. Usikope kwa simu ili kulipa mkopo mwingine wa simu. Mkopo wa 2,000 wa riba ya asilimia kumi kwa mwezi, ukiwa unalipa riba tu na kuuahirisha, miezi sita umetoa 1,200 na bado unadaiwa 2,000 ileile. Kwa mwenye nyumba na shule, nenda kabla ya tarehe, na pendekezo lililoandikwa: nitaleta kiasi hiki, siku hizi. Anayekwenda kabla husikilizwa. Anayejificha hufungiwa mlango.

Na kuhusu "panda mbegu uone muujiza": 2 Wakorintho 8:12 inasema sadaka hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Kuuza mbuzi wa mwisho au kukopa ili utoe sadaka hakumo humo. Linaniuma sana jambo hili, maana wanaoombwa ni wajane.

Tanga_Jeupe

Nimeelewa kuhusu Yeremia, asante mwalimu. Ila tusifiche: dhiki nyingine ni matokeo ya dhambi. Mtu aungame kwanza.

Katekista_Msabaha

Zipo za namna hiyo. Aliyekunywa karo anajua alichofanya, na toba ni yake. Lakini wewe mtembeleaji hukupewa kazi ya kupeleleza. Luka 13, mnara wa Siloamu uliwaangukia watu kumi na wanane, Yesu akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Yohana 9, wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi hata huyu akazaliwa kipofu, jibu ni: si huyu wala wazazi wake. Na rafiki za Ayubu walifanya vyema siku saba mchana na usiku walipokaa chini kimya. Walipoanza kueleza sababu ndipo walipoharibu, na sura ya 42 Mungu anawakasirikia wao.

Jirani_Mwislamu

Assalaam aleikum wanajamvi. Mimi si Mkristo ila jirani zangu ni Wakristo, na nyumba moja imefiwa wiki hii. Sisi twajua la kusema kwa wenzetu. Kwao niseme nini nisikosee?

Bi_Hanga (Kakuyuni)

Wa aleikum salaam, ami. Umeuliza vizuri. Kumbuka mwaka 1542 mmisionari Fransisko Ksaveri alipita Malindi akielekea Goa, India, akamzika hapa mmoja wa waliofia merikebuni. Kanisa dogo la Wareno lingali pale karibu na bahari. Ujirani wa maziko ni wa kale hapa.

Sema "poleni" kisha ukae. Usiseme "Mungu amemhitaji zaidi" wala "ni mapenzi yake, usilie". Yesu mwenyewe alilia akielekea kaburini kwa Lazaro, hali alijua anakwenda kumfufua. Kuhusu vitu: kwenye hanga, yaani matangani, sukari na unga huja vingi. Yanayokosekana ni maji na makaa. Peleka mitungi minne ya lita ishirini, gunia dogo la makaa, na mtu wa kuosha sufuria usiku. Ukiweza, wachukue watoto wa nyumba ile wakale kwako jioni.

Kisha andika tarehe. Wiki ya kwanza kila mtu yupo. Wiki ya tatu nyumba ni tupu, maturubai yamerudishwa, na deni la jeneza linaanza kuulizwa. Hapo ndipo pa kurudi. Jumuiya zigawane zamu: watu wawili wawili, si wanane, dakika arobaini na tano, mara moja kwa wiki hadi mwezi wa tatu. Wanane humfanya mfiwa awe mwenyeji, ahangaike na chai.

Jirani_Mwislamu

Shukran sana Bi. Maji nitapeleka leo alasiri.

Mvuvi_Ngomeni

Nanga ya nne basi? Hili la "kusudi". Mtu amepoteza mashua na mkono hauna nguvu tena. Atavua nini?

Bildi_na_Amari (Shela, Malindi)

Ndugu, hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi. Tunalitafuta kusudi kama vile ni jibu la "kwa nini imetokea". Paulo hakupewa jibu hilo. Soma Matendo mlango wa 28. Chombo kimepasuka, wamefika Melita kwa kuogelea na kwa vipande vya mbao. Mvua inanyesha, baridi. Na mstari wa tatu unasema Paulo alikusanya mzigo wa kuni akauweka motoni. Mtume, mfungwa, ameloa chapachapa, anaokota kuni kwa ajili ya moto wa watu wote. Baadaye ndipo akamponya baba yake Publio, na wagonjwa wa kisiwa wakaja.

Kwa huyo asiye na mashua: aulizwe kile ambacho mikono na kichwa chake bado vinaweza. Anajua kushona nyavu? Anajua majira ya maji, bamvua na maji mafu, miamba iko wapi? Vijana wanaotoka na ngalawa wanayahitaji hayo. Aanze na kazi moja ndogo kwa mtu mwingine, saa moja, siku mbili kwa wiki, kwa wiki nne. Iwe kazi inayoonekana imekwisha: wavu umezibwa, mtoto amesomewa, mgonjwa amepelekewa maji. 2 Wakorintho 1:4 inasema tunafarijiwa ili tuweze kufariji. Ila utaratibu ni huohuo, kufarijiwa kwanza.

Panapoharibika ni pawili. Kwanza, kanisa humsimamisha mtu atoe ushuhuda wiki ya pili, kidonda kikiwa kibichi. Atasema maneno ya ushindi asiyo nayo, kisha arudi nyumbani akiwa na uchungu na uongo juu yake. Asubiriwe mpaka aombe mwenyewe. Pili, mwingine hujitupa kwenye huduma usiku na mchana ili asihisi. Huyo mrudishe chini ya mretemu wa Elia: ale, alale.

Binti_wa_Ganda

Mwalimu ulisema utarudi kwa Zaburi ya 88.

Katekista_Msabaha

Ndiyo. Ni zaburi isiyopanda ngazi ya tatu. Inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu wangu, kisha ni malalamiko hadi mwisho, na neno la mwisho ni giza. Haina shukrani ya kufungia, na waliokusanya Zaburi hawakuiondoa.

Isome na mtu ambaye Zaburi ya 13 imemshinda. Jioni, watu wawili, si mbele ya kusanyiko. Mmoja asome polepole, mwingine afuate kwa macho. Ukifika mwisho usiongeze neno la kuchangamsha, wala usikimbilie Zaburi ya 23. Kaeni dakika tano kimya. Kisha muulize ni mstari gani uliokuwa wake, auandike kwenye lile daftari, aweke tarehe. Mpikie chai. Mwambie siku na saa utakayorudi, na urudi siku hiyo.